Wanaotunga Gemu za Famicom Hawapotezi Muda

Kuna hukumu iliyokwisha kuzoeleka miongoni mwa watu wa kompyuta, kuanzia wahadhiri wa vyuo hadi mafundi simu wa mitaani: mtu anayekaa leo kutunga gemu mpya kwa ajili ya mashine ya zamani anapoteza muda. Mashine yenyewe imekufa, wanasema. Nintendo iliitoa Famicom huko Japani tarehe 15 Julai 1983, ikaipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, na mwaka 2003 ikaacha kabisa kuitengeneza. Sasa mtu mwenye kompyuta ya gigabaiti nane anatafuta nini kwenye kifaa chenye kilobaiti mbili za kumbukumbu? Wanajijibu wenyewe, na majibu yao ni matatu: ama mtu huyo anaulilia utoto wake, ama ameshindwa mambo ya kisasa, ama ni mwizi wa kazi za wenzake.

Nayapinga yote matatu. Ningeyapuuza kama yangebaki maneno ya kijiweni, lakini hayabaki huko. Kijana anayeonyesha gemu yake ya kwanza ya mashine hii huambiwa aachane na takataka akajifunze vitu vinavyolipa, na wengi hutii. Kinachopotea hapo ni kikubwa kuliko burudani. Inapotea njia mojawapo kati ya chache zilizobaki ambapo mtu mmoja, bila kampuni wala mtaji, anaweza kuijua mashine nzima mpaka chini kabisa, na akamaliza kazi ambayo hakuna wa kuja kuibomoa.

Tuanze na utoto. Mtu anayeutamani utoto wake hahitaji kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Anaitafuta Contra au Super Mario, anaicheza jioni moja, roho inatulia, kesho anarudi kazini. Kutunga gemu mpya humwingiza mtu mahali ambapo mtoto aliyeshika pedi hakuwahi kupaona, na huko ndani anachokutana nacho ni hesabu.

Hebu tuitazame hesabu moja kwa karibu. Famicom huichora picha yake kwenye TV mstari kwa mstari, mara 60 kwa sekunde katika mfumo wa Japani na Marekani. Wakati inachora, programu yako haitakiwi kuigusa kumbukumbu ya picha. Ukiigusa, skrini inavurugika. Nafasi hupatikana picha moja inapokwisha na kabla ya nyingine kuanza, nayo ni finyu: mapigo 2,273 hivi ya kichakataji, basi. Kati ya hayo, 513 yanaliwa na kazi ya kunakili orodha ya spraiti, yaani vile vipande vya picha vinavyotembea skrinini: mchezaji, adui, risasi. Yanabaki mapigo kama 1,760. Kuchukua baiti moja kwenye kumbukumbu na kuiweka upande wa picha, kwa njia ya kawaida, hugharimu mapigo manane. Gawanya mwenyewe utaona ni baiti 220. Lakini mandhari ya skrini nzima, vigae 32 kwa 30 pamoja na maelezo ya rangi zake, ni baiti 1,024. Maana yake huwezi kuichora skrini upya kwa mkupuo mmoja. Inabidi upange nini kibadilike sasa, nini kisubiri picha ijayo, na nini kiachwe kama kilivyo.

Au chukua spraiti zenyewe. Mashine inaweza kuonyesha 64 kwa jumla, ila si zaidi ya nane kwenye mstari mmoja. Ya tisa haichorwi. Kama programu inazipanga kwa utaratibu uleule kila mara, aliyeangukia nafasi ya tisa hataonekana kabisa, na mchezaji atauawa na kitu asichokiona. Kwa hiyo watunzi huizungusha orodha: picha hii inaanza na adui wa kwanza, ijayo inaanza na mwingine, inayofuata na mwingine tena. Anayekosekana anabadilika mara kwa mara ndani ya sekunde moja, na jicho linawaona wote wakiwaka na kuzima kwa zamu badala ya mmoja kutoweka. Kule kuwaka na kuzima ambako wengi wetu tulidhani ni ubovu wa kaseti kulikuwa uamuzi wa mtu, uliofanywa kwa makusudi ili mchezo uwe wa haki.

Hata alama za mchezaji zina kisa chake. Kichakataji cha Famicom ni cha ukoo wa 6502, kile kilichouzwa kwa dola 25 mwaka 1975 na kuingia kwenye Apple II na kompyuta nyingine nyingi. Hakina amri ya kuzidisha wala ya kugawanya. 6502 ya kawaida ilikuwa na namna yake ya kuhesabu kwa makumi. Kwenye Famicom namna hiyo haifanyi kazi. Sasa ukiwa na alama 12,450 ndani ya kumbukumbu kama namba moja, utazitoaje tarakimu zake moja moja uzionyeshe skrinini? Njia iliyozoeleka ni kutoziweka kama namba moja tangu mwanzo. Kila tarakimu inapewa baiti yake, unajumlisha kutoka kulia, ikifika kumi unaandika sifuri na kubeba moja kwenda kushoto. Mtu anayefanya hivi anafikiri namba ni kitu gani na inahifadhiwaje, jambo ambalo wahitimu wengi wa kompyuta wamelipita mbio. Anayeona machozi ya utoto katika kazi hiyo anionyeshe yako wapi.

Hoja ya pili, kwamba hawa ni walioshindwa mambo ya kisasa, inaangushwa na wahusika wenyewe. Ed Fries alikuwa makamu wa rais katika Microsoft, akiongoza uchapishaji wa gemu wakati Xbox inazaliwa. Mwaka 2010 alitoa Halo 2600, gemu aliyoiandika kwa ajili ya Atari 2600, mashine ya 1977 yenye baiti 128 za kumbukumbu. Narudia, baiti, wala si kilobaiti. Mwaka 2013 jumba la Smithsonian American Art Museum liliipokea gemu hiyo katika hazina yake ya sanaa. Brian Provinciano wa Kanada yeye alianza kwa kujaribu kuiingiza Grand Theft Auto III ndani ya NES, jambo ambalo ukilisikia unaweza kudhani ni wazimu. Jaribio lile likakua, likabadilika, na mwaka 2012 likatoka likiwa Retro City Rampage, gemu yake mwenyewe iliyouzwa kwa ajili ya mashine za kisasa. Mashine ndogo ndiyo iliyompeleka kwenye kubwa.

Wapo wapinzani makini zaidi, na hao wanastahili jibu refu. Wanasema: sawa, kuna maarifa humo, lakini soko linataka injini za gemu kama Unity na Unreal, kwa nini kijana asiende moja kwa moja kwenye kinachotumika? Simwambii mtu yeyote asijifunze Unity. Ninachokataa ni imani kwamba huko ndiko kwenye usalama. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba watunzi waliovuka viwango fulani vya mapato na idadi ya usakinishaji wataanza kutozwa ada kila gemu yao inapowekwa kwenye kifaa kipya. Watu waliokuwa wametumia miaka kuandaa gemu kwa masharti mengine waliamka wakakuta masharti yamegeuzwa. Kelele zikapigwa dunia nzima, kampuni ikalegeza, na Septemba 2024 ada ile ikafutwa. Vizuri kwamba imefutwa. Ila kila aliyekuwa na kazi yake ndani ya injini ile alijua siku hiyo nani mwenye nyumba na nani mpangaji.

Unity haiko peke yake. Flash, iliyokuwa shule ya watunzi wengi wa gemu za mtandaoni, iliachwa rasmi na Adobe mwishoni mwa 2020, na gemu zake nyingi zingepotea kama wapenzi wasingejitolea kuziokoa. Apple ilipotoa iOS 11 mwaka 2017, programu za biti 32 ziliacha kufunguka. Ubisoft ilizima seva za The Crew mwaka 2024, gemu iliyokuwa ikiuzwa tangu 2014, na walioinunua kwa fedha zao wakabaki na kitu kisichowaka. Zote hizi zilikuwa teknolojia hai siku vijana walipoambiwa waache mambo ya kale wazikimbilie.

Sasa itazame Famicom. Hakuna toleo jipya linalokuja wiki ijayo. Hakuna kampuni itakayokuandikia barua pepe ya masharti mapya. Tabia za chipu zake, pamoja na kasoro zake, zimechunguzwa kwa miongo na kuandikwa, na unachokisoma leo kitakuwa kweli miaka ishirini ijayo. Gemu ukiimaliza, imekwisha. Haingoji masasisho ili iendelee kufunguka. Wanaiita mashine iliyokufa kwa sababu aliyeitengeneza ameacha kuitengeneza. Mimi nasema imekwisha kubadilika, na kwa mtu anayejifunza ufundi sifa hiyo inashinda kasi yoyote ya kichakataji, maana unaweza kutumia miezi kulijua jambo moja ukiwa na hakika kwamba ukishalijua utalikuta palepale.

Hapo huja hoja ninayoiheshimu kuliko zote. Kama unaipenda sura ile ya vigae na rangi chache, si utengeneze gemu ya kompyuta yenye sura hiyo? Shovel Knight ya 2014 ilifanya hivyo na ikapendwa kila mahali. Ni kweli, na ni gemu nzuri sana. Lakini watunzi wake walieleza waziwazi ni wapi walivuka mipaka ya NES: skrini ni pana, rangi zimeongezwa, spraiti haziwaki na kuzima. Walikuwa na haki, kwa kuwa walichokitafuta ni sura na ladha. Anayeandika kwa ajili ya mashine yenyewe anatafuta kitu kingine. Kwenye kompyuta, sheria ya spraiti nane ni pambo. Likikusumbua saa sita usiku unalivua ukalale. Kwenye Famicom haivuliki. Itabidi ubadilishe umbo la chumba, au upunguze maadui, au ukubali kuwaka na kuzima, na kila mojawapo itaubadilisha mchezo wenyewe. Kazi iko hapo, katika kushindana na kitu kisichokubali kubembelezwa.

Katika hili nina ugomvi na marafiki pia. Watetezi wa gemu hizi wana msemo wao kwamba vikwazo huzaa ubunifu, na wanaurudia kama dua. Si kweli. Vikwazo hivyohivyo vilizaa gemu mbovu nyingi katika miaka ya 1980, zilizotungwa harakaharaka ili ziuzike kwa jina la filamu fulani. Kikwazo peke yake hakizai kitu. Kinaonyesha bei tu. Kwenye mashine kubwa ukiongeza adui mmoja hujui umelipa nini, kwa sababu nafasi ipo na mambo yanaendelea. Kwenye kaseti ndogo, adui mpya anakula vigae kadhaa kati ya 256 ulivyotengewa kwa ajili ya spraiti, na lazima useme nani atoke ili yeye aingie. Mwenye kipaji akijibu swali hilo kila siku anakuwa hodari wa kuchagua. Asiye na kipaji atatoa gemu mbovu yenye kilobaiti chache.

Micro Mages ni ushahidi mzuri wa huyo wa kwanza. Kundi dogo liitwalo Morphcat Games lilichangisha fedha kwa njia ya Kickstarter mwaka 2018 na kuitoa gemu hiyo mwaka 2019. Walijipa kipimo cha kilobaiti 40, ukubwa uleule wa Super Mario Bros. ya 1985: 32 za programu na 8 za picha. Humo wakaingiza wachezaji wanne kwa wakati mmoja, wakipanda minara yenye mitego na mazimwi, na baadaye wakaeleza hadharani walivyofanya. Kigae kimoja cha pikseli nane kwa nane ni baiti 16, kwa hiyo kilobaiti nane za picha zinakupa vigae 512, nusu kwa mandhari na nusu kwa spraiti. Mashine inaweza kukigeuza kigae cha spraiti kushoto kulia au juu chini bila gharama ya picha, hivyo mchoro uliofanana pande zote mbili unahifadhiwa nusu tu. Vyumba navyo havihifadhiwi kigae kwa kigae. Vigae vidogo vinaunganishwa kuwa bloku, bloku zinaunganishwa kuwa bloku kubwa zaidi, na upande wa pili wa chumba unapatikana kwa kuugeuza ule wa kwanza. Mbinu hizi zina ukoo mrefu: katika Super Mario Bros. mawingu na vichaka ni mchoro uleule uliopakwa rangi tofauti, na mamilioni waliucheza mchezo huo bila kugundua. Ukiicheza Micro Mages huoni mahali palipobanwa. Unaona gemu iliyokamilika, isiyo na kitu cha ziada, na hiyo ni sifa ambayo gemu nyingi za gigabaiti 100 hazina.

Nimeiacha mwisho tuhuma ya wizi, kwa sababu ndiyo inayonikera zaidi. Watu wa kwetu wana sababu ya kuchanganya mambo. Famicom iliyoingia nyumba nyingi za Afrika Mashariki haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa mashine ya kuiga kutoka Asia, iliyokuja na kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999, ilhali ndani mlikuwa na gemu chache zinazorudiwarudiwa kwa majina tofauti, na wenye gemu hizo hawakulipwa hata senti. Kaseti zile zilikuwa bidhaa ya wizi, tusizungukezunguke. Gemu mpya haina uhusiano wowote na biashara hiyo. Msimbo ni wa mtunzi, michoro ni yake, muziki ni wake, na haki zote za kazi hiyo ni zake. Hataza za mashine ya 1983 zimeisha muda wake zamani. Mpaka kati ya kuchunguza na kuiba nao umechorwa siku nyingi: mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, ilikubali kwamba kuichambua programu ya mwenzako ili ujue namna ya kutengeneza gemu itakayofanya kazi kwenye mashine yake inaweza kuwa matumizi halali. Mwaka huohuo Atari Games ilishindwa mbele ya Nintendo, kwa kuwa mawakili wake walikuwa wameipata programu ya chipu ya kufuli la NES kutoka ofisi ya hakimiliki kwa maelezo ya uongo. Aliyechunguza mwenyewe alilindwa, aliyepita mlango wa nyuma akaangukia pua.

Na lile kufuli, lililozuia kaseti zisizo na kibali, linastahili kukumbukwa. Katika miaka ya NES huko Marekani, kampuni iliyotaka kutoa gemu ilihitaji kibali cha Nintendo, iliruhusiwa gemu tano tu kwa mwaka, na kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, zikilipiwa kabla. Mtu wa kawaida mwenye wazo zuri hakuwa na pa kuingilia. Famicom ya Japani haikuwa na kufuli hilo, wala mashine za kuiga tulizozijua hapa. Na lile la NES limekwisha kuchambuliwa kiasi kwamba watengenezaji wa kaseti leo hutumia chipu ndogo ya bei nafuu kulifungua. Mashine hii ipo wazi zaidi sasa, baada ya kuitwa maiti, kuliko ilivyokuwa siku ilipotawala maduka. Anayewaita watunzi wa leo wezi atueleze walichoiba ni cha nani. Kama kweli anajali mali ya watunzi, aulize kwa nini utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena sokoni.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee, na ndiyo maana sipendi kusikia likichekwa kwa Kiswahili. Vijana wengi wanaojifunza kompyuta Tabora, Kisumu au Bukavu wanatumia mashine za mitumba na kununua intaneti kwa vifurushi. Unreal ni makumi ya gigabaiti kabla hujaandika chochote. Kompaila ya cc65, pamoja na programu ya FCEUX inayoiga Famicom ndani ya kompyuta, ni megabaiti chache, na kompyuta iliyochoka inaziendesha bila kulalamika. Gemu ikikamilika ni faili la kilobaiti 40, dogo kuliko picha moja ya WhatsApp, na rafiki yako anaweza kulipokea kwa Bluetooth na kulicheza kwenye simu. Kuna jambo la kuangalia tu. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Kama muziki wako unahesabu muda kwa picha, kwenye mashine ya mtaani utachelewa kwa sehemu moja ya sita, na mchezaji naye atakimbia kama mwenye homa. Programu za kuiga zina mpangilio uitwao Dendy, kwa jina la mashine ya kuiga iliyouzwa Urusi tangu 1992, ambao unafaa kwa majaribio ya aina hii.

Na kuna vitu vyetu ambavyo vingekaa vizuri humo. Fikiria bao la Kiswahili. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Hali nzima ya mchezo, pamoja na kete 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi wakati wa namua, yaani awamu ya kwanza, na habari za nyumba, lile shimo maalumu, kama ingali hai, haifiki baiti 40. Ukitaka mashine ifikirie hatua za mbele, ukaweka nakala kumi za ubao, umetumia baiti 400 kati ya 2,048. Ubao unakuwa mandhari. Wingi wa kete katika kila shimo unaonyeshwa kwa vigae. Mkono na kete zinazotembea ndizo spraiti. Tatizo gumu litakuwa ule mtaji, yaani hatua ya kula kete, unaozunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala: kuukokotoa kwa kila hatua inayowezekana kutahitaji kugawanywa katika picha nyingi, la sivyo skrini itaganda. Hilo ni swali zuri la ufundi, nami ningempa alama kubwa mwanafunzi anayelijibu kuliko yule aliyenunua mandhari ya msitu dukani na kumtembeza humo askari wa kununua.

Lugha yenyewe haileti shida. Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu, wala Q na X hatuzitumii. Herufi 24, tarakimu kumi na vituo vichache vinakaa ndani ya vigae 40 hivi. Kinachohitaji akili ni urefu wa maneno. Skrini ina nafasi 32 kwa upana, ukitoa kingo za kisanduku unabaki na 28, na neno kama "walipotuambia" limekula 13 peke yake. Mwandishi wa hadithi ya gemu atajifunza kusema mambo kwa ufupi, na waandishi wetu wengi, wa magazeti pia, wangefaidika na zoezi hilo.

Kuhusu fedha sitamdanganya mtu. Wachache sana wanaishi kwa kazi hii. Zipo gemu zilizojilipa, kama Micro Mages, au Xeno Crisis ya mashine ya zamani ya Mega Drive, iliyotoka 2019 kisha ikahamishiwa kwenye mashine za kisasa. Nyingi huwaletea watunzi wake fedha kidogo au hakuna. Lakini anayetumia hoja hii kumkatisha tamaa kijana awe mwadilifu: gemu za simu zinazotupwa kila siku kwenye maduka ya mtandaoni nazo nyingi haziingizi kitu, tena huzikwa chini ya nyingine bila hata mtu mmoja kuzicheza. Gemu mpya ya Famicom inaingia mahali ambapo mpya ni chache, na wapenzi wake huingojea, huicheza hadi mwisho na kumwandikia mtunzi kuhusu kasoro za chumba cha tatu.

Anayetaka kuanza hana haja ya kumwomba mtu ruhusa. cc65, FCEUX na FamiTracker ya kutungia muziki ni za bure. Asiyejua kuandika msimbo anaweza kuanza na GB Studio, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2019 kwa ajili ya kutunga gemu za Game Boy, kisha ashuke taratibu mpaka kwenye lugha ya asembli. Nanyi walimu wa kompyuta, nawaomba: kijana akiwaletea kazi ya namna hii, msimuulize kwa nini hakutumia Unity. Muulizeni amepangaje spraiti zake, amefanya nini na yale mapigo 1,760, na kwa nini adui huyu amebaki na yule ameondolewa. Akijibu vizuri, mpeni alama zake zote.